Kidole cha Adila

"Mwenzangu, hivi kidole nacho hufunga?"

Ashatu aliuliza swali hilo uani, Ramadhani ikiwa bado changa, alipomwona jirani yake Adila akifuta kidole gumba kwenye kanga kabla ya kukibandika juu ya kioo cha simu. Adila alicheka. Simu ikafunguka, akamrudishia mumewe, Mrisho.

"Ulizia funga yako wewe. Tangu asubuhi umeshakula nyama za watu wangapi?"

"Watatu tu, shoga, na wote wamekonda."

Hata Mrisho, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo kabla ya kufuturu, alitabasamu. Swali lenyewe likabaki pale kwenye kamba pamoja na nguo zilizoanikwa, likipepea, na jioni ilipoingia hakuna aliyekumbuka kulianua.

Mrisho alikuwa msimamizi wa ukaguzi kwenye wodi ya wazazi iliyokuwa ikijengwa hapo Kerege. Kazi yake ilikuwa kutazama vitu kabla havijafunikwa. Zege likishamwagwa, hata mwenye macho ya paka haoni tena kilichomo ndani, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuona kwanza na kusema nimeona. Zamani mtu huyo alitembea na faili kwapani. Fundi akitaka kumwaga zege, sharti amtafute Mrisho, amkute akila, amngoje anawe, wapande wote wawili, watazame, ndipo kalamu itoke kwenye mfuko wa shati. Karatasi zililowa, zilipotea, na moja iliwahi kurudi saiti ikiwa imefungiwa karanga. Lakini ilirudi na sahihi yake.

Kisha karatasi zikaondolewa. Mhandisi Ummy, binti aliyetoka Dar es Salaam na buti safi na sauti ya upole, aliwakusanya mafundi akawaeleza kwamba tangu siku ile kila kitu kitapita kwenye mfumo ulio ndani ya simu. Fundi atapiga picha na kutuma ombi. Msimamizi atakagua, kisha ataweka kidole, na kidole kitakuwa ndiyo sahihi.

Vidole vya Mrisho vilikuwa vimeliwa na saruji ujana wake wote. Simu ilivikataa kimoja baada ya kingine, kama mlinzi mgeni asiyemjua mwenye nyumba. Vijana walikuwa wakimtazama. Aliona haya kumwambia binti yule kwamba yeye, mtu mzima, hana alama ya kidole, akasema ataimalizia nyumbani kwa nafasi. Alipofika, alimkuta mkewe akikuna nazi.

"Hebu lete chako," alimwambia.

Basi ikawa hivyo. Mchana Mrisho alipanda ngazi, akapiga magoti, akatazama nondo na waya wa kufungia, akashuka. Jioni alikaa kwenye mkeka na Adila akaja na kidole chake.

"Leo nini?"

"Nguzo za upande wa barabara."

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Bismillahi," alisema Adila, na kidole kikashuka.

Hakuwahi kukishusha bila kuuliza. Saiti walijua, wakamtania Mrisho kwamba kibali chake kinanukia nazi. Aliitikia kwa kicheko kidogo, akaenda kutazama kitu kingine.

*

Kumi la mwisho lilipoingia, Mrisho alikunja godoro dogo, akachukua msahafu na kanzu, akahamia msikitini kukaa itikafu kama kila mwaka. Kazi ilikwishasimamishwa mpaka baada ya Idi. Kabla ya kuondoka alipanda juu ya slabu ya wodi, ambayo nondo zake zilikuwa zimesukwa tayari zikingoja zege. Alitazama upande utakaofunika vitanda, akaridhika. Upande wa kibaraza, ule unaotoka nje ya ukuta bila nguzo chini yake, akakuta nondo zimelazwa chini kabisa, karibu na mbao. Pale zilitakiwa zikae juu. Kibaraza cha namna ile ni kama mtu anayechungulia dirishani. Kinachomzuia asianguke ni mkono uliomshika mgongoni.

"Hizi mziinue," alimwambia Najim, fundi mkuu wa mkandarasi. "Nikitoka itikafu nitakuja kuzitazama."

"Hilo dogo, kaka. Wewe nenda ukatuombee."

Simu aliiacha nyumbani. "Nikiingia nayo msikitini nitakuwa nimehama na dunia yote," alimwambia mkewe. "Atakayepiga, mwambie niko kwa Mola wangu."

Alhamisi, joto lilikaa juu ya Kerege kama sufuria iliyofunikwa. Mawingu ya masika yalikuja kutoka baharini, mazito, bila haraka. Adila alikuwa na ile hali ya mfungaji wa alasiri, mwili mwepesi, masikio yakisikia vitu vya mbali. Simu ilikuwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Ilianza kutetemeka, ikajisogeza yenyewe kama kaa, mpaka akaidaka ukingoni.

"Shemeji, za funga?" Ilikuwa sauti ya Najim.

"Alhamdulillahi. Kaka yako yuko msikitini."

"Najua, simtaki yeye. Nataka kidole." Najim alicheka, kisha akaacha kucheka. "Shemeji, tazama juu. Masika hayo. Tukiiacha slabu hivi mpaka baada ya Idi, nondo zitakula kutu na mbao zitavimba. Mashine iko hapa, vijana wako hapa, nao wana watoto wanangoja nguo za sikukuu. Ombi nimeshatuma. Ni kuweka kidole tu."

"Ameziona?"

"Ameziona. Alipanda mwenyewe kabla ya kwenda itikafu. Muulize yeyote."

Hakusema uongo. Alisema nusu, na nusu ya kweli huvaa nguo zilezile za kweli nzima.

Adila hakuridhika. Alijitanda kanga, akaishika simu chini yake kama mtu aliyebeba kifaranga, akashika njia ya msikitini. Nia yake ilikuwa kutuma mtu amwite mumewe hadi barazani, neno moja tu. Alifika kwenye ua wa michongoma akasimama. Dirisha lilikuwa wazi. Mrisho alikuwa amekaa mbele ya msahafu, akiyumba taratibu mbele na nyuma, midomo ikicheza. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Mikunjo ya jua, ya saruji, ya kuitwa huku na huku, yote ilikuwa imetoka, na aliyebaki alikuwa kijana fulani ambaye Adila hakuwa amemwona tangu zamani sana.

Atamwambia nini? Nondo? Akili yake ilimwambia, muache. Huyu yuko mahali ambapo wewe hujapata kufika; usimvute kanzu kwa ajili ya vyuma. Upepo ulipita juu ya michongoma na harufu ya mvua. Akageuka.

Nyumbani alifuta kidole. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza kwenye mkeka.

"Bismillahi," alisema peke yake.

Mvua ilishuka jioni ileile. Ashatu aliyekuja kuleta uji wa futari alisema ni rehema, na Adila akaitikia kwamba ni rehema.

Siku chache baadaye, alipojilaza kidogo baada ya sala ya alfajiri, aliota. Alikuwa juu ya slabu. Ilikuwa pana kama jaruba la mpunga, nyeupe, na juu yake paliwekwa alama ya kidole chake, kubwa, kila mstari wa ngozi umekuwa mfereji. Maji ya mvua yalikuwa yakipita kwenye mifereji ile kwa utulivu, yakizunguka na kuzunguka kuelekea katikati. Chini yake alisikia wanawake wakiongea kwa sauti za kitandani. Walikuwa wengi. Mmoja aliuliza, "Huyo juu ni nani?" na mwingine akajibu, "Si mtu, ni kidole."

Aliamka, akanawa uso. Hakumsimulia mtu.

*

Idi ikapita na pilau zake. Mrisho alirudi saiti akakuta zege limeshakauka, limekuwa la kijivu, laini, zuri. Mirunda ya kulishikilia ilikuwa bado imesimama chini yake kama msitu wa miti isiyo na majani. Alizunguka mara moja. Hakufoka. Aliuliza nani aliyepitisha, na kijana mmoja akamwonyesha kwenye simu yake: Mrisho Mwinyijuma, Alhamisi, alasiri.

Habari ilimtangulia dukani.

"Karibu, walii wetu!" alisema mwenye duka mbele ya watu. "Sisi tulidhani mawalii wameisha. Mwili msikitini, roho saiti! Karama hiyo."

"Labda itikafu yake ilikuwa na dirisha," mwingine akadakia. "Mkono unatoka nje unapokea, unarudi ndani unahesabu tasbihi."

Walicheka. Mrisho alikuja kununua sukari. Aliichukua, akashukuru, akaondoka, na mgongo wake ulikuwa umenyooka mpaka alipokata kona.

Adila alikuwa akichambua mchele. Mrisho hakukaa kwenye mkeka, alikaa kwenye kizingiti.

"Nani aliweka?"

"Mimi."

"Nani alikwambia nimeziona?"

"Najim. Alisema ulipanda."

"Nilipanda. Niliona upande mmoja. Upande wa kibaraza nilimwambia aziinue." Alizungusha mfuko wa sukari mkononi. "Mama Twalha, msikiti uko hapo. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Nilifika kwenye michongoma."

"Ukaona nini?"

"Nilikuona wewe," alisema Adila.

Kuku wa Ashatu alipita baina yao akidonoa mchele ulioruka, na hakuna aliyemfukuza.

"Kidole chako, jina langu," alisema mwishowe, kama mtu anayejifunza somo.

Jioni Najim alikuja mwenyewe, na kanzu ya sikukuu, na kilo ya nyama kwenye mfuko. Aliapa wallahi nondo ziliinuliwa.

"Uliziona zikiinuliwa?" Mrisho aliuliza.

"Niliwaagiza vijana, kaka."

"Nimekuuliza uliziona?"

"Kaka, vijana ni wale wale wa siku zote. Kwa nini tuvuruge jengo zima kwa kitu kilichokwisha? Ukisema haikuwa wewe, mkeo ndiye atakayetajwa. Utamtaja mama watoto kwenye ofisi za watu?"

Alipoondoka, Mrisho aliitazama ile nyama kwa muda, kisha akampa Ashatu juu ya ua. Ashatu hakuuliza inatoka wapi, jambo lililowashangaza wote.

Siku mbili tatu Mrisho hakula vizuri. Alikuwa akienda saiti, akisimama chini ya kibaraza akikitazama kwa chini, akirudi. Aliyoyasema kwa mkewe yalikuwa machache. Kwamba kazi ile ndiyo inayomsomesha Twalha kule Lugoba. Kwamba jina la mtu likishalala matopeni, hata likioshwa lina harufu. Kwamba huenda kweli waliziinua. Asubuhi moja alivaa shati lake la ofisini, akasema bila kumtazama:

"Twende, mhandisi anatuita. Ukaweke kidole, yaishe."

*

Ofisi ya saiti ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa vidole vyepesi, haikazani, haiachi. Mhandisi Ummy aliinuka walipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye mfuko wa saruji. Najim alisimama karibu na mlango. Buti za Ummy hazikuwa safi tena, na macho yake yalikuwa ya mtu anayelala na simu sikioni.

"Nimeshaelezwa yote," alisema. "Sikuwaita kugombana. Mama, mfumo unataka uthibitisho wa mwisho wa slabu kabla hatujaondoa mirunda. Leo jioni hatua hii inafungwa. Kikiwekwa kidole, kesho mirunda inatoka, kazi inaendelea. Kisipowekwa, inageuka nyekundu, wakubwa wangu wanaiona, wanakuja kuipasua watazame ndani."

"Si wapasue tu?" alisema Adila.

Ummy alimgeukia Mrisho. Alisema taratibu, akitazama meza. "Mzee wangu, wakija wataniuliza kwa nini. Nitaandika kwamba kidole si chako. Hapo si slabu tu. Nguzo, msingi, kila ulichopitisha tangu mwanzo kitarudishwa mezani. Na wewe hutaingia tena hapa. Labda na mimi." Akainua macho. "Mbona hukuniambia siku ile kwamba kimekataa?"

"Niliona haya," alisema Mrisho.

"Ningekupa namba ya siri. Ni kitu cha dakika moja."

Mrisho alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kwamba mlango aliousukuma miaka yote ulikuwa wa kuvuta.

Adila alitazama kuta za kontena. Palikuwa na kalenda, kofia ngumu, na kikombe cha chai ya mtu. Hakuona faili hata moja.

"Mwanangu, hivi hayo maandishi yenyewe yanakaa wapi?"

"Hewani, mama. Hayalowi, hayapotei. Hata sisi tukifa yatakuwepo."

"Hewani," alirudia Adila. Akageuza uso dirishani. Nje, mvua ilikuwa imeifuta barabara, imeifuta miti, na wodi peke yake ilionekana kana kwamba inaelea, na kibaraza chake kimetoka mbele kama ulimi. Mwanamke mjamzito alikuwa amesimama chini yake kujikinga na mvua, mkono kiunoni, akimngoja mtu. Adila aliwaza ile siku ya Kiyama ambayo wazee wa chuoni walikuwa wakiisimulia, siku ya midomo kufungwa na mikono kuulizwa. Alikuwa akiiogopa tangu utotoni kwa sababu ya maneno. Hakupata kufikiri kwamba gumba nalo lingekuwa na la kusema.

"Shemeji," Najim alisema kutoka mlangoni, "ni kitu kidogo. Umeshakiweka kimoja, hiki ni cha pili tu."

Ummy aliisogeza simu juu ya meza mpaka ikawa mbele ya Adila. Kioo kilikuwa kinawaka, na pale pa kuwekea kidole palikuwa na duara dogo la kijani likipumua, likiwaka na kufifia. Mrisho alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe. Adila aliusikia mkono wa mumewe ukigusa egemeo la kiti, mkono ule mgumu usio na alama.

Adila alifuta kidole kwenye kanga, kama jioni zote.

"Leo nini?" aliuliza.

Ummy alitaka kujibu, akaona si yeye aliyeulizwa.

"Slabu," alisema Mrisho. Sauti ilikuwa ya chini. "Slabu na kibaraza chake."

"Umeziona?"

Najim akasogea hatua. "Shemeji, mimi nimeshaapa kwamba..."

"Sijakuuliza wewe, shemeji." Hakugeuka. "Baba Twalha, umeziona?"

Kijani kiliwaka, kikafifia, kikawaka.

"Sijaziona," alisema Mrisho.

Adila alikishika kidole chake kwa mkono wa pili, akakiviringisha kwenye pindo la kanga, akakifunga fundo kama mtu anayefunga amana ya watu. Akainuka. Najim alikuwa bado mlangoni. Adila alimtazama machoni mpaka akampisha. Akatoka mvuani, akapita mbele ya wodi, akamshika mkono yule mwanamke aliyekuwa chini ya kibaraza, akaondoka naye.